Jiwe Lililokunywa Samli

Saa mbili asubuhi, na njia ya sokoni Malindi imezibwa na watu badala ya punda. Wauza samaki wameacha samaki, wenye maduka wameacha mizani. Wote wamesimama mbele ya nyumba mpya ya Gokaldas, mfanyabiashara wa nguo na nafaka, wakitazama miguu ya mtu.

Miguu hiyo ni ya Kenga wa Mwambire, fundi mwashi. Sehemu iliyobaki ya mwili wake imo ndani ya kalibu, kile kiunzi cha miti ambacho kimebeba tao la mlango mkubwa tangu lilipojengwa. Ana nyundo mkononi. Anagonga kabari zilizoinua kalibu, moja ya kulia, moja ya kushoto, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Kabari zikitoka zote, miti itashuka na tao litabaki peke yake juu ya kichwa chake.

"Toka huko chini, uzivute kwa kamba," mmoja wa watazamaji anamshauri.

"Aliyelifunga ndiye akaaye chini yake," Kenga anajibu bila kutoa kichwa. "Ndivyo nilivyofunzwa."

Mbele ya watu wameketi wanawake wawili wazee. Mmoja ni Chanchalben, mama yake Gokaldas, amejifunika sari nyeupe na midomo yake inakwenda kwa dua. Wa pili ni Kadii, Mgiriama wa Dabaso, miguu imepauka kwa chokaa, anatafuna tumbaku na kumtazama Kenga bila kupepesa. Mwandishi alimwuliza kama ana hofu.

"Hofu ya nini?" akasema Kadii. "Kama ni mtu, nilimlea mimi. Kama ni jiwe, nilikuwa nikilikalia."

Maneno hayo mwandishi hakuyaelewa wakati ule. Alichoelewa ni kwamba tao likisimama, Kenga amepewa matao yote ya baraza ya nyumba hii, kazi ya kumweka mjini miezi mingi. Likianguka, atarudi kubeba mawe ya wenziwe kichwani kama alivyoanza, iwapo atatoka humo mzima.

Msomaji asiyejua uashi wa pwani huenda akauliza kuna nini katika mlango hata watu waache samaki juani. Jibu liko juu kabisa ya tao, katikati. Hapo pana jiwe moja lenye umbo la kabari, pana juu, jembamba chini, limebanwa na wenzake wa kulia na wa kushoto. Waashi wa hapa huliita jiwe la kufungia.

"Si jiwe la msingi," Kenga alimweleza mwandishi siku moja kabla, akichora tao mchangani kwa kidole. "Watu huyachanganya hayo. La msingi ni la kwanza, hulala chini likasahauliwa. Hili ni la mwisho. Kabla halijaingia, kila jiwe la tao lina hamu ya kuanguka, ndiyo maana tunayashikilia kwa miti. Likishaingia, hamu ya kuanguka bado yanayo, lakini kila moja limelizuia jingine. Ile ile hamu ndiyo inayoyashika."

Akalifuta lile tao kwa kiganja, akaongeza kwamba yeye mwenyewe alichukua muda kuliamini jambo hilo, na mara nyingine bado humshangaza.

Neno lenyewe limekwisha watoroka waashi, linazunguka mjini na shughuli zake. Kwenye posa utasikia wazee wakisema mahari yamekubaliwa, siku imetajwa, lakini mjomba wa bibi harusi hajafungua kinywa, basi jiwe la kufungia bado liko chini. Mtu akisimulia kisa kirefu cha kuku aliyeibwa bila kumtaja mwizi, wasikilizaji humwambia, "Funga tao, bwana, tuna kazi." Na mama mmoja muuza mihogo alimwambia mwandishi kuhusu shangazi yake: "Huyo ndiye jiwe letu la kufungia. Akisafiri kwenda Kilifi, sisi ndugu hatuamkiani."

Wagiriama wa nyuma ya mji nao wana lao. Kwao kesi haijaisha mpaka kibuyu cha tembo, wanachokiita kadzama, kinywewe na pande zote mbili. "Ni jiwe lile lile," asema Kenga, "ila letu linalewesha."

Dzombo, mchanganya chokaa wa Kenga, ametia neno hilo tumboni. Kwake yeye, jiwe la kufungia ni kitumbua cha mwisho, kile kinachoziba pengo baada ya vile vingine. Mwandishi alimnunulia viwili, kwa kuwa Dzombo alidai tao la tumbo lake ni pana.

Kenga hakuzaliwa na uashi. Alizaliwa upande wa Jilore, katika watu wa mahindi na minazi, na mpaka anaota ndevu hakuwa ameona nyumba ya mawe. Ile njaa kubwa ya mwisho wa karne ya kumi na tisa ndiyo iliyomtoa kwao. Mvua zilikataa, ghala zikafagiwa, watu wakatawanyika kila mmoja na njia yake. Yeye alishika njia ya pwani, akila mizizi, hata akafika ukingo wa hori la Mida, ule mkono wa bahari uingiao nchi kavu, hapo Dabaso, miguu imevimba na macho hayaoni mbali.

Alichokiona kwanza ni moshi. Moshi ulikuwa wa tanuu la chokaa, na mwenye tanuu alikuwa Kadii.

Kadii ni mjane. Mumewe alimwachia kazi hiyo pamoja na shoka, na wengi walidhani ataviacha vyote viwili. Hakuacha. Hupanga magogo ya mikoko duara, juu yake hulundika matumbawe, yale mawe ya baharini, akawasha, akangoja, kisha akayamwagia maji mpaka yapasuke na kuwa unga mweupe. Nusu ya kuta za mji wa Malindi zimeshikwa na unga wa mama huyo, ingawa wenye kuta wengi hawamjui hata kwa jina. Mwandishi naye hakumjua, na anaishi ndani ya kuta hizo.

"Nilikaa kwenye jiwe lililokuwa karibu na tanuu," Kenga anakumbuka. "Tumbawe kubwa, la kukalia mtu. Sikukaa kwa adabu, miguu ndiyo iliyoniketisha. Mayo akaniletea uji wa mtama katika kata, mwepesi kama maji. Alikuwa na kibaba kimoja tu cha unga, na watu wake mwenyewe wa kulisha. Nikanywa, kisha nikailamba kata. Akanitazama, akaniongeza."

Mayo ni mama kwa Kigiriama. Kenga hana jina jingine kwa Kadii.

Kadii mwenyewe hataki kisa hicho kipambwe. "Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Mimi sikuwa na jembe. Siku ya tatu nikampa kapu la chokaa."

Kenga alibeba makapu ya chokaa mpaka miguu ikarudi kuwa miguu. Ndipo akaja Fundi Shekuwe, mwashi mkubwa wa Malindi enzi hizo, kununua chokaa, naye Kadii akamsukumia kijana mbele. Maneno aliyosema siku ile Kenga anayarudia kama mtu arudiavyo dua: "Huyu amekaa juu ya jiwe tangu afike. Mfunze kulikata."

Fundi Shekuwe, Mungu amrehemu, alimfunza. Mchukuzi wa mawe hapa Malindi hupata kama rupia tano kwa mwezi, na Kenga alizipata hizo kwa miaka mingi kabla ya kukabidhiwa tindo, ile patasi ya kuchongea mawe. Alijifunza kuangusha timazi, kamba yenye uzito ya kupimia unyoofu wa ukuta, kuchanganya chokaa na mchanga, kulijua jiwe kwa sauti yake likigongwa. Alijifunza pia kulamba mawe, na hapa mwandishi alidhani anataniwa.

Hakutaniwa. Matumbawe ya baharini ni mepesi, hukatika vizuri, na tao zuri halijengwi kwa jiwe jingine, maana mawe ya nchi kavu hupasuka ovyo. Ila yana chumvi, na chumvi huila chokaa. Basi hukatwa miambani bahari ikiwa shwari, yakaachwa nje yanyeshewe masika mazima, kisha fundi hulamba. Ulimi ukikunja, jiwe linarudi mvuani.

Gokaldas alipomwita Kenga, mwanzoni mwa mwaka huu wa 1912, wapo walionung'unika. Mtu wa nyika, wakasema, atajua nini juu ya matao makubwa. Fundi Shekuwe alikuwa amekwisha kufa, hakuwapo wa kumtetea. Aliyetaka Kenga hakuwa Gokaldas hasa, alikuwa mama yake.

Duka lao la zamani, ambamo pia waliishi, lilikuwa la udongo na makuti, na liliungua. Mlango ulikuwa mmoja, mwembamba. Majirani walipoingia kumtoa Chanchalben walikwama naye hapo mlangoni, moto ukiwa nyuma yao, na mmoja wa waliomvuta mpaka akatoka alikuwa Kenga, aliyekuwa akipita na kapu lake. Nyumba mpya ilipoanza kuzungumzwa, mama alitaka jambo moja tu.

"Nilimwambia mwanangu, chumba kiwe kidogo, sawa. Dari iwe fupi, sawa," Chanchalben alisema kwa Kiswahili chake cha miaka thelathini ya Malindi. "Mlango uwe wa watu wawili kupita pamoja, bega kwa bega. Na ajenge yule aliyenivuta."

Hivyo ndivyo tao lilivyokuwa pana kuliko lolote ambalo Kenga amewahi kulijenga, na hivyo ndivyo kila mtu katika kisa hiki alivyokuwa na shukrani tele. Shukrani hizo hizo nusura ziliangushe.

Ilikuwa baada ya masika, kusi imeshika, ule upepo wa kusini uchafuao bahari. Mawe ya tao yalikuwa yamepanda pande zote mbili juu ya kalibu, yakabakiza pengo la katikati. Jiwe la kufungia Kenga alikwisha lichonga, tumbawe la pekee lililobaki lenye unene wa kutosha. Ubavu wake aliuacha na makovu ya tindo, ili chokaa ipate pa kushika. Akaliweka juu ya gunia uani, akaenda kula, kwani siku ya kulipandisha ilikuwa kesho yake. Siku hiyo ilikuwa imechaguliwa katika kalenda ya Wahindu kuwa njema.

Chanchalben akaliona. Akawaza nyumba iliyoungua, akawaza nyumba inayosimama, moyo ukamjaa. Aliingia jikoni akatoka na chombo cha samli, samli safi ya ng'ombe aliyoisafisha kwa mkono wake, na unga mwekundu wa ibada. Akalipaka jiwe lile samli kama mama anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha. Alilipaka usoni, mgongoni, na mbavuni kote. Hakuacha hata tundu. Kisha akalitia nukta nyekundu na ua, akasema maneno yake ya shukrani, akaenda kulala mchana akiwa na raha.

Kenga aliporudi, jiwe lilikuwa linang'aa na Dzombo alikuwa anapunga nzi.

"Limependeza," Dzombo akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajapata jambo jingine la kusema.

Kenga alichukua kata ya maji akalimwagia. Tumbawe zuri hunywa maji kabla hayajafika chini. Hili lilikataa. Maji yaliteleza juu yake kama juu ya jani la mgomba, yakaanguka mchangani.

Walilisugua kwa majivu. Walilisugua kwa mchanga wa moto, kwa ndimu, kwa kumbi la nazi. Lakini tumbawe lina vinyweleo, na lilikuwa limekwisha kunywa. Chokaa isingelishika. Lingekaa pale juu likiteleza kidogo kidogo katikati ya wenzake, na siku moja lingeshuka, labda juu ya mwanamke yule yule aliyelipaka.

"Nilikaa chini nikalia," Kenga anasema. Hasemi kwa aibu. "Sikulilia jiwe. Ningemwambiaje mama yule kwamba baraka yake haitakiwi? Alikuwa amenipa kazi ambayo hakuna mwingine angenipa."

Gokaldas aliitwa. Ni mtu mwema, lakini ni mtu aliyetaka amani nyumbani mwake. Alishauri jiwe liwekwe hivyo hivyo. Mama ataona, mama atafurahi, nani atajua?

"Tao litajua, bwana," Kenga akamjibu.

Wakabishana kwa sauti ya chini, na watu wakibishana kwa sauti ya chini ndipo wazee huamka. Chanchalben akatoka, akauliza kuna nini. Mwanawe akaanza kuzunguka kwa maneno ya Kigujarati. Kenga alisimama, akavua kofia, akasema kwa Kiswahili.

"Mama, shikamoo. Jiwe umelibariki na mimi nakushukuru. Lakini limekunywa samli, na chokaa haikai penye samli. Nikiliweka, litateleza. Nikilikataa, naogopa nitakuwa nimekukataa wewe."

Mama alilitazama jiwe, akalipitishia kidole. Kisha akacheka, kicheko cha pumzi, akashika paji la uso.

"Maisha yangu yote napaka samli kwenye chuma cha chapati ili chapati isishike," akasema. "Leo nimepaka mlango wangu mwenyewe."

Akamgeukia mwanawe aliyekuwa ameinamisha kichwa. "Na wewe ulikuwa unataka kunificha? Kalenda ina siku njema nyingine. Mungu hana siku moja tu."

Jiwe lile la samli halikutupwa. Yeye mwenyewe alilichagulia mahali, uani, na juu yake umesimama mrihani wake wa ibada ndani ya chungu. Kila asubuhi anaumwagia maji, na Dzombo anaapa kwamba jiwe linazidi kung'aa.

Likabaki swali la jiwe jingine. Kusi ikivuma, mwambani hakukatwi kitu, na hata kama lingepatikana lingekuwa na chumvi ya kuangusha msikiti. Kenga alizunguka mji mzima akigonga na kulamba mawe ya watu, mpaka walinzi wa maduka wakaanza kumfuata. Yote yalikuwa madogo, ama magumu, ama yenye chumvi kali ulimini. Siku ya pili akiwa amekata tamaa, ameketi juu ya kitofali anakunywa uji, ndipo alipokumbuka alipowahi kuketi akinywa uji.

Akaazima punda wa Gokaldas, akamchukua Dzombo, wakashika njia ya Watamu kwenda Dabaso.

Walimkuta Kadii pale pale, tanuu linafuka, naye amekalia jiwe lake. Wakaamkiana kirefu, kama ada. Wakaulizana mvua, mihogo, wagonjwa. Kenga akasifu magogo. Akasifu moshi. Akasifu hata kuku. Dzombo anasimulia kwamba fundi wake, mtu asiyeogopa kulala chini ya tao, alikuwa anatoka jasho kama mposaji.

"Umekuja na punda," Kadii akamkatiza. "Mtu hamletei mamaye salamu na punda mtupu. Wataka kubeba nini?"

Kenga akamwambia yote, samli na kalenda na pengo lililobaki juu ya mlango. Alipofika mwisho akashindwa kumalizia. Akaangalia chini, kule mama alikokaa.

Kadii akafuata macho yake. Akatema tumbaku, akajishika magoti, akasimama.

"Lijaribu," akasema.

Kenga akapiga magoti, akalipapasa jiwe. Lilikuwa limenyeshewa na masika na vuli kwa miaka ambayo hakuna aliyeihesabu. Alilimwagia maji, likayanywa hata kabla hajainua kata. Akainama akalilamba. Halikuwa na chumvi hata chembe.

"Zamani ulikuwa unalamba kata," Kadii akasema juu ya kichwa chake. "Leo umelamba kiti."

Kenga hakuweza kucheka. Alisema tu neno la kwao la shukrani. "Muvera, mayo."

"Ondoa hilo jiwe kabla sijaamua kukaa tena."

Siku njema ya pili ilipofika, jiwe lilikuwa limechongwa. Upande wa juu, ule uliokuwa umesuguliwa laini na miaka ya kukaliwa, Kenga aliukata na kuutoa, isipokuwa kipande cha usoni kilichobaki na ulaini wake, na ukijua pa kutazama utakiona kutoka njiani. Chanchalben aliuliza anaruhusiwa kugusa wapi. Akaonyeshwa uso tu. Akatia nukta moja nyekundu, ndogo kama dengu, akafuta vidole vyake kwenye sari mara mbili ili asidondoshe kitu. Kisha kwa desturi ya waashi, mwenye nyumba akatia kiganja juu ya jiwe na fundi akaligonga mpaka likaketi. Wakaacha chokaa ikauke, mwezi ukaandama na ukaandama tena.

Ndiyo maana leo soko limesimama.

Kabari ya mwisho inagoma. Kenga anaigonga, inalia, haitoki. Anapangusa jasho, anaishika nyundo upya. Nyundo inapiga tena na kabari inaruka, inaangukia miguuni pa mtu wa mbele.

Kalibu inashuka. Unga mweupe unamwagika kutoka kwenye viungo vya tao, na kuna sauti ya jiwe kusogea, fupi, nzito. Gokaldas anafumba macho. Waashi huiita sauti hiyo tao kuketi, kwani mawe yote huegemeana kwa mara ya kwanza, na likiwa lina kosa, hapo ndipo husema.

Linaketi. Halisemi kitu kingine.

Kenga bado yu chini yake, ameinua uso, unga umemjaa kwenye nyusi. Anaweka kiganja juu ya ukuta, anangoja, kisha anatoka na kuwapisha watu waone mlango.

Hakuna anayesogea. Ada ni mwenye nyumba atangulie, na Gokaldas anamtazama mama yake. Chanchalben anainuka. Anapiga hatua mbili, anasimama, anageuka nyuma na kunyoosha mkono.

"Nilitaka mlango wa watu wawili," anasema.

Kadii anaangalia kama kuna mtu mwingine nyuma yake. Hakuna. Anatema tumbaku kando kwa heshima, anajifuta mkono kwenye hando lake, lile vazi la kiunoni la Wagiriama, anaushika ule wa mwenziwe. Wanawake wawili wazee, mmoja wa samli na mmoja wa chokaa, wanapita bega kwa bega chini ya tao, na nafasi inabaki. Mwandishi huyu hutazama mambo mengi kwa kazi, na si mtu wa machozi. Asubuhi hii alilazimika kuulaumu unga wa chokaa.

Ndani, Gokaldas anamletea Kadii kiti cha mbao chenye mgongo. Kadii anakikagua, anakikataa, anarudi kuketi sakafuni, katikati kabisa ya mlango. Anainua macho mpaka kilipo kile kipande laini na nukta yake nyekundu.

"Miaka yote lilikuwa chini yangu," anasema. "Leo mimi niko chini yake, na moyo wangu umetulia."

Kenga anamsikia. Anageuza uso, anajifanya anakusanya kabari.

Matao ya baraza ni yake sasa, na wale walionung'unika wamekuja kumpa mkono. Anasema hana kinyongo nao, kwani nao wangeingia motoni kumtoa mtu kama wangekuwa wanapita. Akiulizwa aliyemfikisha hapa ni nani, huanza na kata ya uji, akaja kwa Fundi Shekuwe, akaja kwa mama aliyetaka mlango mpana, na huwa hamalizi haraka.

Lakini kuna jambo linalomkosesha raha. Tangu siku ile ya punda, Kadii hukaa juu ya gogo pale kwenye tanuu, na gogo si kitu cha kukalia mama wa umri wake. Mara nyingi Kenga amejaribu kumlipa kwa nguo, kwa mchele, kwa mbuzi. Jibu ni lile lile, kwamba uji haulipwi.

"Basi silipi," asema Kenga. "Najenga. Nitamjengea baraza ya mawe mbele ya mlango wake, yenye mgongo wa kuegemea na kivuli cha makuti. Mtu hawezi kukataa kukaa."

Nyuma ya ghala la Gokaldas amekwisha yapanga matumbawe manane manene, aliyoyanunua kidogo kidogo kwa wavuvi wa Watamu. Yako nje, wazi, yananyeshewa na manyunyu ya kusi. Jioni mwandishi alimkuta huko akiwa peke yake, chokaa bado kichwani, akamwuliza kazi ya Dabaso itaanza lini.

Kenga aliinama akalilamba la kwanza. Akakunja uso. Akalilamba la pili, akatulia nalo kidogo, akaenda kwa la tatu.

"Bado chumvi," akasema, akipangusa ulimi kwa mkono wa shati. "Vuli ije iyaoshe. Mayo hatakaa kwenye jiwe nisilolilamba."